Ghala, Mizani na Harusi ya Kitaya

Ijumaa iliyopita nilimkabidhi Anjela, mpiga kamera wetu, uongozi na funguo za ghala. Mlango una makufuli mawili, na moja halifunguki mpaka ulibembeleze, kwa hiyo makabidhiano yalichukua muda mrefu kuliko hotuba. Baadaye vijana wa kampuni wakaniomba niwaandikie jinsi mtu anavyopanda mpaka kuwa mkuu wa kampuni ya filamu. Nadhani walitarajia niwaonyeshe ngazi. Ukweli ni kwamba waliokuwa juu yangu walihama mmoja baada ya mwingine, na siku nilipogeuka nikakuta nimebaki na kiti. Habari za vyeo ziishie hapo.

Nilirudi Mtwara kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya falsafa. Mama aliiviringisha kwenye nailoni akaiweka juu ya kabati ili panya wasiifikie. Panya hawakuonyesha hamu nayo, na waajiri nao vilevile. Baada ya miezi kadhaa ya kuvaa shati la usaili nilipata kazi kwa Bi Fatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliyekuwa na banda la video mtaa wa Likombe. Lilikuwa na kuta za mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja na deki iliyopenda kutafuna kanda. Alihitaji mtu wa kufasiri filamu za kigeni papo hapo kwa kipaza sauti, maana wateja wake hawakuwa na habari na Kiingereza, na baadhi yao hata Kiswahili walikitumia kwa kazi maalumu tu, nyumbani wakirudi kwenye Kimakonde.

Siku ya kwanza nilifasiri kwa uaminifu mkubwa. Nilisema, "Mwanamume huyu anasema kwamba hana uhakika na hisia zake." Nikaendelea, "Mwanamke anamjibu kwamba anahitaji nafasi ya kutafakari." Kutoka benchi la nyuma mtu akauliza, "Na mjomba wake anasemaje?" Banda zima likacheka, na waliokaa karibu na mlango wakatoka.

Filamu ilipokwisha Bi Fatu aliniita nje. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Digrii, umefasiri nini mle ndani?"

"Wanachosema, Bi Fatu."

"Nani kakuuliza wanachosema? Watu wanataka kujua hawa ni wa nani. Binti analia, mama yake yuko wapi? Kijana anakwenda kupigana, mjomba wake karidhia? Umewaletea watu waliookotwa njiani, halafu unataka watu wakae wawahurumie."

Kwa msomaji asiye wa kusini, niseme kwamba huku kwetu ukoo hupita kwa mama, na mjomba ndiye anayesimama pale mambo yanapokuwa mazito. Baba anapendwa, lakini mjomba ndiye anayeulizwa. Nilijua hayo tangu nikiwa mtoto. Chuo kikuu kilikuwa kimenisahaulisha kwa miaka minne, kwa gharama ya serikali.

Siku iliyofuata nilimpa kila mhusika mjomba. Mpelelezi mwenye kofia alikuwa mjomba wa mwizi, kwa hiyo kila alipomkosa kwa risasi watu walielewa sababu. Banda lilijaa. Nilifanya kazi ile miaka kadhaa, na ninaamini ndiyo shule pekee ya filamu niliyosoma.

Kamera ilipopatikana, Bi Fatu alianzisha kampuni pamoja na watu wengine wanne. Studio yetu ilikuwa ghala la korosho, na ni hilohilo mpaka leo. Tunalitumia msimu wa korosho ukiisha, na magunia yakianza kurudi sisi tunatoka. Nasikia Hollywood mkuu wa studio hugombana na waigizaji. Mimi nimegombana zaidi na makuli. Mwanzoni ghala lilikuwa na mwangwi kiasi kwamba mtu akikohoa hapa, kikohozi kilimjibu kutoka ukuta wa pili. Tukatundika magunia matupu ukutani na mwangwi ukafa, ingawa waigizaji walijikuna katika matukio ya mapenzi. Toroli la kubebea magunia ndilo lililobeba kamera ilipotakiwa kutembea. Bati jipya lilirudisha mwanga usoni mwa mwigizaji. Kipaza sauti tulikivika soksi ili kisisikie upepo.

Katikati ya ghala kuna mizani kubwa ya chuma iliyojengewa sakafuni. Haihami. Kwa hiyo imeingia katika kila filamu yetu. Imevalishwa kanga ikawa friji, imevalishwa shuka ikawa kitanda cha hospitali, na mara moja iliwekewa maua ya plastiki ikawa meza ya hakimu. Hakuna mwigizaji wetu aliyecheza nafasi nyingi kuliko mizani, na hakuna aliyelalamika kidogo kuliko yeye. Anayemkaribia ni mkono wangu wa kulia. Mwigizaji akiwa hayupo na tunataka picha ya karibu ya mkono tu, mkono uliotumika ulikuwa wangu. Umedunga sindano, umeiba kuku, umesaini wosia. Una kidole cha shahada kilichopinda tangu nilipoanguka kwenye mkorosho utotoni, na mtazamaji makini angegundua kwamba Mtwara nzima ina daktari, mwizi na marehemu wenye kidole kilekile.

Nilijifunza pia kwamba mswada unaweza kuandika chochote, lakini mdomo una ukoo. Kijana mmoja alitakiwa amtukane mama mkwe wake katika filamu. Tulirudia asubuhi nzima. Kila tukiwasha kamera alimwamkia shikamoo kwanza, mama akaitika marahaba, na baada ya hapo tusi halikupata pa kupita. Bi Fatu alitoa uamuzi: "Chukueni ndugu wa kweli. Wenyewe wanajua kukaa, na wanajua wanaweza kuambiana nini." Tangu hapo tulipohitaji baba na binti, tulitafuta baba na binti. Miguu ya Bi Fatu ilipoanza kumsumbua, akahamia kwa mwanawe Mikindani na kuniachia kiti, nao ushauri huo nikaurithi. Ndio uliotufikisha kijijini Kitaya.

Filamu ile ilihusu binti wa mkulima wa mpunga na kijana anayevuka mto Ruvuma kuja kumposa. Binti aliigizwa na Zuhura, mwenyeji wa Kitaya, mwigizaji bora niliyewahi kufanya naye kazi. Anaweza kulia jicho moja ukimwambia upande wa kamera. Baba aliigizwa na baba yake mwenyewe, Mzee Salumu. Ndoa ilifungishwa na Maalim Yusufu, mwalimu wa madrasa wa pale kijijini, ambaye alikubali kwa sharti kwamba asivalishwe ndevu za bandia. Bwana harusi aliitwa Hamza, kijana wa mjini. Anjela, binti wa mfanyakazi wa bandari aliyehamia kutoka Mbeya, alishika kamera na kuunganisha vipande baadaye.

Katika filamu binti aliitwa Rehema. Mzee Salumu alipofika mahali pa kutamka, machozi yakamlenga, akasema, "Nimekuoza binti yangu Zuhura." Nilisikia. Ningeweza kusimamisha. Lakini yale machozi nilikuwa sijawahi kuyapata kwa mwigizaji yeyote, nikajisemea jina tutalirekebisha kwenye sauti. Halafu nikasahau kulirekebisha.

Miezi miwili baadaye tulionyesha filamu Kitaya, alasiri, katika darasa lililozibwa madirisha kwa turubai. Ilipofika ndoa, wanawake walipiga vigelegele. Mzee Salumu alitamka maneno yake, Hamza akasema "nimekubali," mikono ikashikana, Maalim akainua dua. Kazi ya Anjela ilikuwa safi, hakukuonekana mshono. Tulirudi mjini tukiimba. Kosa letu lilikuwa kwamba tuliifanya vizuri mno.

Jumatatu asubuhi alikuja ghalani mwanamume mrefu mwenye koti, akakataa kiti.

"Wewe ndiye Digrii?"

"Ndimi. Karibu, mzee."

"Naitwa Likwata. Mama yake Zuhura ni dada yangu wa tumbo moja. Nimesikia mpwa wangu kaolewa na mimi sikuitwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo na mimi nikaacha.

"Mzee, ile ni filamu."

"Baba mzazi kasema. Jina la mtoto kalitaja, la kwake hasa. Kijana kakubali. Mashahidi wamejaa mkekani, maalimu yupo. Unajua wewe kwamba ndoa haina mzaha? Ukiisema kwa kucheka, imesemwa."

Nilijua. Kila aliyekaa chuoni kwa maalimu utotoni anajua.

Akanieleza kilichotokea. Zuhura alikuwa ameposwa, kwa kweli safari hii, na mwalimu wa shule ya msingi Madimba. Watu wa Madimba walisikia habari ya darasa lile, wakamtuma mshenga wao aulize kama wanaposa mke wa mtu. Maalim Yusufu, akitaka usalama, alishauri Hamza atamke talaka ili mambo yawe meupe. Zuhura akakataa katakata. Alimwambia, "Nikiachwa nitakuwa nimewahi kuolewa. Msinipe talaka ya ndoa nisiyokuwa nayo." Sasa posa ilikuwa imesimama, na ikifika Ijumaa bila jibu, watu wa Madimba wataondoa barua yao.

"Mzee, ile ndoa tumeiunga kwa vipande," nikasema. "Hawakusemezana kama inavyoonekana. Muulize Hamza."

"Bwana harusi akisema hakuwepo ndiyo ushahidi? Kila mume aliyechoka atasema hivyo."

"Basi mimi nilikuwepo."

"Wewe kazi yako ni uongo, Digrii. Sikutukani, si ndiyo kazi yako?"

Nikaahidi kwamba Alhamisi nitawaonyesha vipande vyenyewe, kabla ya kuungwa. Akakubali, akaondoka. Nikamgeukia Anjela.

"Toa vipande vya Kitaya."

Anjela akageuza kiti. "Si uliniambia nivifute?"

Ndugu zangu vijana, hapa ndipo somo lilipo. Diski zetu zilikuwa chache, na mimi nilikuwa na desturi ya kuamuru vipande vyote vifutwe filamu ikikamilika, ili diski ipokee nyingine. Niliita hiyo nidhamu ya kazi. Niliwahi hata kuisifu mbele ya wageni. Sasa niliona jina la binti wa watu limefutwa kwa nidhamu yangu, na kilichobaki ni ile filamu iliyounganishwa, ambayo kila aliyeitazama angeapa kwamba Zuhura ni mke wa Hamza. Nilikaa juu ya mizani. Sindano yake ilipanda, na nilijiona mzito kuliko siku zote.

"Ulivifuta lini?" nikauliza.

"Nilisema ndiyo, bosi," akajibu Anjela. "Sikusema lini." Akafungua droo, akatoa diski iliyofungwa kwenye kitambaa na daftari lake la shule alimoandika kila kipande na saa yake.

Alhamisi asubuhi walikuja watano: Mjomba Likwata, Mzee Salumu, Maalim Yusufu, mshenga wa Madimba, na Zuhura aliyekaa mbali kidogo, amejifunika vizuri, akionekana kuwa na hasira na sisi sote kwa usawa. Nimewahi kuonyesha filamu mbele ya wakuu wa mkoa. Hawakunitisha kama wale watano.

Anjela akasoma daftari. "Kipande cha kwanza. Saa tatu asubuhi. Hamza hajafika, pikipiki aliyopanda imepasuka gurudumu njiani. Mzee Salumu ameanza bila yeye, na picha za Maalim na watu wa mkekani zitachukuliwa jioni." Akabonyeza.

Mzee Salumu akaonekana kwenye kioo, amekaa mkekani, akitamka yale maneno kwa uchungu wote wa baba. Kamera ikarudi nyuma. Mbele yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda palikuwa na kofia. Tulikiweka ili macho yake yapate pa kutua.

Mjomba Likwata akasema polepole, "Salumu. Umemwoza mpwa wangu kwa kigoda."

"Kilikuwa na kofia," akasema Mzee Salumu.

"Hukuona kwamba hakuna kichwa?"

"Walinivua miwani, shemeji. Waliniambia inang'aa. Nikaambiwa nitazame kofia, nikatazama kofia. Nikaja kujiona kwenye filamu nimemshika kijana mkono. Nikasema basi alikuwepo."

Mshenga alikuwa ameinamisha uso kwenye kanzu yake, mabega yakimtikisika. Maalim Yusufu akanyoosha kidole. "Kigoda kile si cha kwangu?"

"Ni chako, Maalim. Tulikiazima."

"Nikawa nakikalia tangu siku ile."

"Kipande cha pili," Anjela akaendelea, uso mkavu. "Saa nane mchana. Hamza amefika. Mzee Salumu hayupo, ngedere wameingia shambani kwake na amekwenda kuwafukuza. Jibu la bwana harusi, na picha ya karibu ya mikono."

Hamza akaonekana, akasema amekubali, akautazama mkono uliotoka ndani ya kanzu. Picha ikasogea. Mkono ukajaa kioo kizima.

Maalim akainama mbele. "Simamisha. Mkono huu ni wa nani?"

Nikainua mkono wangu wa kulia, kidole kilichopinda kikitangulia. Kanzu ilikuwa ya Mzee Salumu, lakini ilivaliwa na mimi, juu ya suruali ya jinzi.

Zuhura ndiye aliyeanza kucheka, ndani ya mtandio, halafu wote. Hata Mjomba Likwata alikubali kiti. Maalim alisubiri watulie, akatoa hukumu kama anayefunga kitabu. "Maneno ya asubuhi hayakumkuta mtu. Jibu la mchana halikumkuta baba. Kwenye ndoa maneno na jibu hukaa pamoja, hayapishani kwa saa tano na kundi la ngedere. Hapa hapana kitu. Mshenga, umeona?"

"Nimeona, Maalim. Na Madimba nitawasimulia, lakini sidhani kama wataamini hiki cha kigoda."

Halafu Maalim akanigeukia, na kicheko hakikuwepo tena. "Lakini jina la mtoto wa watu ulilisikia likitamkwa, ukanyamaza kwa sababu baba yake alilia vizuri."

Nikaomba radhi, kwa Zuhura kwanza. Aliniacha nimalize, akasema, "Radhi nimetoa. Ila tukio lisikatwe, nimelia vizuri pale. Badilisheni jina." Mjomba Likwata naye akaweka sharti lake: harusi bila mjomba haiwezi kuonyeshwa popote huku kusini, ni aibu kwa kijiji. Tukarudi Kitaya tukapiga upya. Yeye mwenyewe alikaa mkekani kama mjomba wa Rehema. Tulimwandikia sentensi moja. Alisema tano, na zote zimo.

Jioni ya Alhamisi ile nilimpigia simu Bi Fatu Mikindani nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Digrii, kwenye mswada wako mjomba wa yule binti ulimweka wapi?"

"Sikumweka, Bi Fatu."

"Miaka yote hiyo," akasema, akakata simu.

Zuhura aliolewa baada ya mavuno ya mpunga. Tulialikwa pamoja na kamera, na sharti la ukoo lilikuwa moja: isizimwe wala isihamishwe mpaka dua iishe. Anjela alipiga. Mimi nilishika kipaza sauti chenye soksi, kazi niliyoanza nayo na ambayo bado naifanya vizuri kuliko zote. Mzee Salumu alikuwa amevaa miwani yake. Maalim Yusufu aliweka mkono wa baba juu ya mkono wa kijana wa Madimba, akataka kuanza, akasita, akanitafuta kwa macho kati ya watu.

"Digrii, mkono huu ni wa nani?"

"Wangu, Maalim," akasema Mzee Salumu kwa sauti. "Naapa, wangu."

"Na chini ya kofia?"

Mjomba Likwata akanyoosha mkono, akaminya bega la bwana harusi. "Mtu," akasema. "Endelea."

Ndoa ile iko nzima kwenye diski, kipande kimoja, pamoja na kikohozi cha bibi mmoja na kuku aliyepita. Wiki iliyopita, tukipanga vitu kwa makabidhiano, nilimwambia Anjela asikifute kamwe kipande kile. Alikuwa ameinama anabembeleza lile kufuli la pili, na hakugeuka.

"Ndiyo, bosi," akasema.